Jinsi ya Kufungua Televisheni na Bado Ukala Chakula cha Jioni

Kabla hujashika bisibisi, tia mkono wa kushoto mfukoni. Kama umevaa msuli, ambao hauna mfuko, upeleke mkono mgongoni ukae huko kama mkono wa mtoto anayemficha mama yake kipande cha sukari guru. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mwongozo huu, na kama una nafasi ya kusoma aya moja tu, soma hii. Umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mkono wa pili, njia yake inapita kifuani, na kifuani ndimo moyo ulimo. Mkono ulio mfukoni haukamilishi njia hiyo. Mafundi wa zamani walifundishwa jambo hili kwa kupigwa makofi ya mgongo. Mimi siwezi kukufikia, kwa hiyo nakuandikia.

"Lakini nimeshachomoa plagi," utasema. Najua umechomoa. Kila mtu niliyemwona akirushwa kutoka kwenye stuli alikuwa ameshachomoa plagi.

Nilipokuwa najifunza kazi Ngamiani, Tanga, kibandani kwa fundi mmoja mzee, tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alipewa televisheni isiyowaka. Akaichomoa mchana, akaondoa skrubu zote, akaishika bodi kwa chini kama mtu anayenyanyua sinia la wali. Kilichosikika ni mlio mmoja, pa, kama kofi la mkono uliolowa. Bodi ikaenda upande wake, yeye akaenda upande wake. Kwenye dole gumba zilibaki alama mbili ndogo nyeupe, zimekaa jirani, na pale mezani palinuka ngozi iliyoungua. Mkono ulimtetemeka mpaka alasiri. Mzee hakumgombeza. Alimpa maji, akamkalisha kwenye benchi, akamngoja apumue vizuri, halafu akasema: "Mwanangu, wewe umeuchomoa waya ukutani. Kilichokwisha kuingia ndani umemwachia nani akitoe?"

Anayeshika kilichokwisha kuingia ni kapasita. Tazama pale waya wa ukutani unapoingilia kwenye bodi ya televisheni bapa. Utaona kopo la duara linalotoshana na dole gumba la mtu mzima, limeandikwa mathalani 100 µF 400 V. Umeme wa nyumbani tunauita wa volti 230, lakini hiyo ni namna ya wastani tu. Kila wimbi linapofika kileleni linagusa volti 325 hivi, na kapasita hushika kilele, haishiki wastani. Chukua nusu ya uwezo wake, zidisha kwa volti, zidisha tena kwa volti, unapata jouli tano na ushei. Hiyo ni karibu sawa na pakiti ya sukari ya nusu kilo iliyoanguka kutoka kimo cha meta moja. Ikikuangukia mguuni utaguna na kuendelea na safari. Kapasita haikuangushii mguuni. Inaipitisha pakiti yote ndani ya ngozi na mishipa yako, kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikisukumwa na volti 325. Inatosha kukurusha na kukuunguza, na njia ikipita pabaya inatosha kuuvuruga moyo.

Na sasa jambo ambalo wanaoanza hawalitarajii: televisheni mbovu ni ya kuogopwa kuliko nzima. Ukiichomoa nzima, sehemu zake zinaendelea kula kilichobaki. Ndiyo maana kile kitaa chekundu cha mbele hufifia taratibu baada ya plagi kutoka, na taa ya chaja ya kompyuta hubaki ikiwaka sekunde kadhaa hali umeishika hewani. Ilipoharibika, mara nyingi kilichokufa ndicho kilichokuwa kinakula. Mlaji hayupo, chakula kiko palepale, na wewe unakuja na kidole. Vifaa vingi huwekewa rezista ya kumwaga chaji polepole, lakini rezista nayo hukatika, na ikikatika haipigi hodi.

Kama uliyoileta mezani ni TV ya chogo, ile nene ya zamani, rudisha mfuniko na uipeleke kwa anayezijua. Sisemi hivi kukudharau. Kioo chake chenyewe ni kapasita: kimepakwa kitu kinachopitisha umeme kwa ndani, kimepakwa tena kwa nje, na katikati kuna kioo. Zile za rangi hushika volti 25,000 hivi. Hapo mkono wa mfukoni pekee hautoshi, unahitaji mwalimu wa kusimama pembeni yako.

Chogo lile, kwa kweli, ni mjukuu halali wa kapasita ya kwanza duniani, maana kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Mwaka 1745, huko Pomerania, Ewald Georg von Kleist alitia msumari kwenye chupa, akaipa umeme kutoka kwenye mashine ya kusugua, akagusa msumari. Akatupwa. Mwaka uliofuata, katika mji wa Leiden, Uholanzi, profesa Pieter van Musschenbroek alifanya karibu jambo hilohilo kwa chupa ya maji. Mkono mmoja umeshika chupa kwa nje, mkono wa pili ukaenda kugusa waya uliozama majini. Mikono miwili, ndugu msomaji. Miwili! Aliyasimulia maumivu yake kwa barua iliyokwenda Paris, akasema hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa hatarudia tena.

Ungedhani barua ile ingewatuliza watu. Kule Ufaransa, mwanasayansi Jean-Antoine Nollet akawapanga walinzi 180 wa Mfalme Louis wa 15, wameshikana mikono, akawapitishia umeme wa chupa moja. Wakaruka wote kwa pamoja, na mfalme akafurahi. Desemba 1750 Benjamin Franklin, mtu mwenye akili ya kutosha kuwagawia wengine, alitaka kumchinja bata mzinga kwa umeme wa chupa mbili kubwa, mbele ya watu waliokuwa wakizungumza. Akasahau kidogo mkono wake ulipo. Mshindo wote ukaingia kwake, akapoteza fahamu kwa muda, na mikono na shingo vikabaki na ganzi. Aliyaandika yote kwa uaminifu kwa ndugu yake, na mimi namshukuru kwa hilo kuliko kwa mambo mengine mengi aliyoyafanya. Kwa hiyo usione haya kumwogopa kapasita. Wewe na Franklin mko chama kimoja, ila wewe umeonywa.

Walichokosa kukijua Kleist na Musschenbroek ni kwamba mkono wao ulioshika chupa ulikuwa sehemu ya kifaa. Maji ndani, kiganja nje, kioo katikati. Bila kiganja kile, chupa isingeshika kitu cha maana.

Ili uone jinsi kapasita inavyoshika, twende basi Mji Mkongwe, Unguja, tukakione kichochoro. Kuta mbili zinatazamana, dirisha kwa dirisha, na kati yao pana nafasi ya mtu mmoja na kikapu. Kuta hizo ndizo sahani mbili za kapasita. Betri ikija, inafanya kazi ya kuhamisha: inazitoa elektroni kwenye nyumba ya kulia, inazizungusha kwa njia yake, inazisongamanisha kwenye nyumba ya kushoto. Sasa kushoto kumejaa, kulia kuna pengo, na vilivyojaa vinalitamani pengo kama vijana wa dirisha hili wanavyotamani dirisha lile. Wanaonana. Wanavutana. Hawawezi kuvuka, kwa sababu kati yao pamewekwa kitu kisichopitisha umeme. Ukiiondoa betri, hakuna anayerudi kwao, maana njia ya kurudi iliondoka na betri. Wanabaki pale madirishani, wamekodoa macho, wakisubiri mtu yeyote alete daraja. Mwenzangu wa Ngamiani alileta dole gumba.

Kichochoro hiki kinakufundisha karibu kila kitu. Kikiwa kirefu, chenye madirisha mengi yanayotazamana, kinabeba wengi. Kuta zikisogeleana, mvuto unakuwa mkali zaidi na kila ukuta unashika zaidi kwa volti zilezile. Ukijaza nafasi ya katikati kwa kitu kinachofaa, kama plastiki, karatasi yenye mafuta au seramiki, uwezo unapanda tena. Na ukisukuma volti kupita kiasi, wanakivunja kile kitu cha katikati na kuvuka. Hiyo ndiyo shoti, na baada ya hapo mara nyingi kapasita haifai tena. Jambo moja zaidi, ambalo hata wanaojua hulisema vibaya: kapasita iliyochajiwa haina elektroni nyingi kuliko isiyochajiwa. Kilichoongezeka sahani hii ndicho kilichopungua sahani ile, na hakuna hata elektroni moja iliyopita katikati. Kinachohifadhiwa ni ule mvutano.

Kabla ya kurudi kwenye televisheni, fanya jaribio hili jikoni. Nunua betri ya mraba ya volti 9, kapasita ya 2200 µF yenye maandishi 16 V, rezista ya kilo-ohmu 10, rezista ya kilo-ohmu 1, na kitaa kimoja kidogo cha LED. Azima mita ya kupimia volti. Volti 9 hazitakudhuru, kwa hiyo hapa mkono wa kushoto unaruhusiwa kutoka kwenda matembezini.

Itazame kapasita yenyewe kwanza. Ni kopo lenye miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na ubavuni lina mstari wenye alama za kutoa. Mstari huo unaonyesha mguu wa hasi. Usiukosee, tena usijiambie kwamba utakuwa makini siku ukishika kubwa. Umakini unaanza na hii. Uwezo hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la Michael Faraday, na faradi moja ni kitu kikubwa mno kwa kazi za kawaida, ndiyo maana tunazungumza mikrofaradi, sehemu ya milioni. Ili uone ukubwa wake: dunia yote, ukiihesabu kama tufe moja la chuma lililoning'inia peke yake angani, uwezo wake ni kama mikrofaradi 710. Hilo kopo ulilonunua kwa hela ya chai linaizidi mara tatu. Siri ni wembamba wa kichochoro. Ndani mna karatasi ya alumini iliyotobolewatobolewa kwa dawa ili uso wake uwe mkubwa, imefunikwa na utandu wa oksaidi ambao unywele mmoja wa kichwa chako ungelazimika kupasuliwa mara elfu na zaidi ndipo ulingane nao. Upande wa pili wa utandu si ukuta wa chuma, ni majimaji yaliyolowanishwa kwenye karatasi. Utandu huo unadumu endapo tu chanya imekaa kwenye chanya. Ukigeuza miguu unaumong'onyoa, majimaji yanachemka, na kopo linapasuka.

Unganisha sasa: chanya ya betri kwenye rezista ya kilo-ohmu 10, rezista kwenye mguu mrefu, mguu mfupi kwenye hasi. Weka mita kwenye miguu ya kapasita na uanze kuhesabu. Zidisha ohmu kwa faradi, unapata sekunde: hapa ni 22. Zikifika sekunde 22, mita itasoma kama volti 5.7, yaani asilimia 63 ya safari. Zikifika 44, itasoma 7.8. Kwenye 66 utaona 8.5 na kitu, na kwenye 110 imekaribia 9 hivi kwamba utachoka kungoja. Kapasita hula kama mtu anayefuturu: matonge ya kwanza makubwa, kisha inapunguza, mwishoni inamega kwa adabu. Sababu yake ni kwamba kinachosukuma chaji kupita kwenye rezista ni tofauti ya volti kati ya betri na kapasita, na kila tonge linapunguza tofauti hiyo.

Sasa ondoa betri. Ngoja, uiwekee chai sukari, unywe nusu kikombe. Pima tena: bado iko karibu na 9. Hapa ndipo napenda mwanafunzi anyamaze kidogo, kwa sababu kile anachokitazama mezani ni televisheni ya mwenzangu, ndogo na ya heshima. Kisha unganisha LED na ile rezista ya kilo-ohmu 1 kwenye miguu ya kapasita. Kitaa kinawaka kwa nguvu, kinapungua, kinabaki kama kaa la sigara gizani, kinazima. Ukitumia rezista kubwa zaidi kitaa kitakuwa hafifu lakini kitadumu. Chaji ni ileile, mlango tu ndio umekuwa mwembamba. Rudia hata mara kumi. Mimi bado narudia.

Ukishaona hivyo, redio yako utaielewa. Umeme wa ukutani unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Dayodi zinapougeuza uende upande mmoja, unakuja kama matuta 100 kwa sekunde, na kati ya tuta na tuta pana bonde ambamo redio ingekufa njaa. Kapasita inajaa juu ya tuta, inamimina bondeni, inajaa, inamimina, na spika haijui kwamba kulikuwa na bonde. Kapasita ile ikikauka, mabonde yanarudi, na unayasikia: mngurumo mzito, usiokoma, chini ya taarabu na chini ya taarifa ya habari. Watu hupiga redio makofi. Redio haina kosa, na aliyeisugua antena kwa limau alipoteza limau.

Ifungue. Juu ya kopo zima la alumini utaona mikato, kama msalaba au herufi ya K. Mikato hiyo imewekwa kwa makusudi ili shinikizo likizidi litokee hapo. Kapasita nzima ina uso tambarare kama sarafu. Iliyougua imevimba katikati, mikato imefunguka kidogo kama ganda la mbegu, na kwenye ufa kuna ukoko wa kahawia. Sogeza pua. Mara nyingi utapata harufu ya samaki aliyelala, na nilipokuwa mwanafunzi pale Tanga nilitafuta samaki huyo chini ya benchi nzima kabla ya kuambiwa nitazame bodi. Yale ndiyo majimaji yaliyotoka. Joto ndilo linaloyakausha: kwa hesabu ya kawaida ya fundi, kila ukipunguza nyuzi 10 za joto, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo ukitandika kitambaa cha kufuma juu ya matundu ya redio, au ukiipanga dekoda juu ya dekoda juu ya spika, unaipikia kapasita kifo chake kwa moto mdogo, tena kwa kitambaa kizuri.

Na kile kitufe cha kutafutia stesheni kwenye redio za zamani, ulichokizungusha utotoni ukiambiwa "taratibu, utaikosa", kilikuwa kinazungusha kapasita. Ndani yake kuna sahani za nusu duara zinazoingiliana bila kugusana, na kati yake ni hewa tupu. Kapasita inampa koili, koili inarudisha, kama watoto wawili wa bembea, mara milioni moja kwa sekunde kwa stesheni za masafa ya kati. Ukizisogeza sahani, mwendo wa bembea unabadilika, na redio inaisikia stesheni inayobembea kwa mwendo huohuo. Sijaona kitu cha mkono kilichonipa furaha kuliko zile sahani.

Mgeni mwingine wa kibandani ni pangaboi. Alikuja mama mmoja, ameshika kitambaa cha kujifutia jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pangaboi langu linanguruma tu, haliendi mpaka nilisukume kwa mti wa ufagio."

"Ukilisukuma kulia linakwenda kulia?"

"Na nikilisukuma kushoto linakwenda kushoto. Limepagawa?"

Halikupagawa. Mota ya pangaboi ina nyaya za seti mbili. Seti moja ikiwa peke yake inavuta na kusukuma palepale, haina upande inaoupenda, kwa hiyo mti wa ufagio ndio unaoamua. Seti ya pili hupata umeme wake kupitia kapasita, na kwa kuwa kapasita lazima ijae na kumwagika, umeme wa seti ile haufiki wakati mmoja na wa mwenzake. Tofauti hiyo ya hatua ndiyo inayoupa mvuto wa sumaku mzunguko, na mapanga yanafuata. Kapasita ya pangaboi ni kijiboksi cheusi chenye kitu kama 2.5 µF, na plastiki yake ya ndani imepakwa chuma chembamba sana. Kila inapotoboka kidogo, chuma cha pembeni mwa tundu kinaungua na kujitenga, nayo inaendelea kuishi ikiwa imepungua. Baada ya misimu kadhaa ya joto inasoma 1.6, pangaboi linazunguka kama lina mawazo, na familia inalaumu umeme mdogo.

Nunua yenye µF zilezile. Usiniletee ya 6 kwa sababu "kubwa ni bora". Itaunguza nyaya, na hapo gharama itakuwa ya pangaboi jipya. Volti zake ziwe sawa na za zamani au zaidi. Mama yule alilipa, akaondoka na mti wake wa ufagio.

Sasa turudi kwenye kopo la volti 325, maana hatujalimwaga. Utakutana na watu wanaokwambia: gusanisha miguu yake kwa bisibisi, litapiga mara moja, basi. Itazame bisibisi ya mtu huyo. Ncha yake imeliwa kama jino bovu, ina vitundu vya chuma kilichoyeyuka. Alichokifanya ni kumimina jouli zote kwenye chuma kwa mpigo mmoja, cheche zikamrukia karibu na macho, njia za bodi zikapata tetemeko, na kapasita yenyewe ikaumia. Anajisifu kwa mlio. Mlio ni hasara.

Chukua rezista nyeupe ya seramiki, ya kilo-ohmu 2.2 na wati 10. Iunganishe na nyaya mbili zenye vibanio vilivyofunikwa vizuri. Plagi imetoka ukutani, umeihakikisha kwa macho, iko mezani mbele yako. Mkono mmoja mfukoni. Weka mita kwenye volti za umeme mnyoofu, kwenye kiwango kinachopita 400, na uijaribu kwanza kwenye betri ya volti 9 ili ujue haikudanganyi. Bana waya mweusi wa mita kwenye hasi ya kopo, kisha gusa chanya kwa waya mwekundu, ukishika kwenye plastiki. Usisome maandishi ya kopo, soma mita. Ukiona mamia, bana rezista hasi kwanza, kisha gusa chanya kwa mkono uleule mmoja. Zidisha mwenyewe: ohmu 2200 kwa mikrofaradi 100 ni kama robo ya sekunde, na mara tano ya hapo ni sekunde moja na kidogo. Shikilia sekunde kumi. Pima tena. Mita ikisema chini ya volti 5, pumua.

Halafu usiondoe rezista. Kapasita kubwa, ukiimwaga upesi na kuiacha wazi, hupandisha tena volti zenyewe, bila betri wala ukuta, kwa sababu kuna chaji iliyokuwa imezama ndani ya kile kitu cha katikati na sasa inatoka kwa kuchelewa. Nimeona kopo lililosoma sifuri likisoma volti 20 baada ya dakika chache. Acha rezista imebanwa kazi ikiendelea, na ukitoka kuswali au kula, ukirudi pima upya kana kwamba hujawahi kuligusa.

Oveni ya maikrowevu siiweki kwenye mwongozo huu. Kapasita yake ni kama mikrofaradi moja tu, lakini hufanya kazi kwenye volti zinazozidi 2,000, na imeua watu waliokuwa mafundi wazuri. Mkononi mwa anayejua, mshindo kama huu ni rehema: tangu daktari Bernard Lown na wenzake walipoandika mwaka 1962 kuhusu kutumia kapasita kuurudisha moyo kwenye mapigo yake, mashine za hospitali huchaji kapasita, hupima kiasi, husema "kaeni mbali", kisha humimina jouli 200 hivi kifuani mwa mtu ambaye moyo wake umepoteza mwendo. Unaona ni kiasi gani kinahitaji daktari, na pia ukubali kwamba moyo unaotembea vizuri hauhitaji hata moja.

Ukishabadilisha ulichobadilisha, tazama tena mstari wa hasi, chini ya taa, mara mbili. Unapowasha kwa mara ya kwanza, simama pembeni, uso usiwe juu ya bodi, na wapeleke watoto nje wakacheze. Zile kapasita kubwa ulizozitoa, nzima au mbovu, usizitupe kwenye droo jinsi zilivyo. Zifunge miguu kwa kipande cha waya, mguu kwa mguu, uukaze kwa plaizi, na uupinde mara ya pili, maana watoto wanapenda vitu vinavyong'aa na wanajua droo ilipo.